Popi za njano za milimani: ukizidekeza unaziua

Nianze na kosa langu maana ndio lilinifundisha. Mara ya kwanza nilipopata mbegu za popi za Alps, yale maua madogo ya njano ya milima ya Ulaya, nilizipa kila kizuri nilichokuwa nacho. Tuta jipya, samadi iliyoiva, maji asubuhi na jioni, yaani kama mtoto wa kwanza. Zikaota, zikanenepa, majani yakawa makubwa mpaka hayafanani na picha ya kwenye paketi, nikajipongeza weee, afu ikaja wiki moja ya mvua na ukungu, natoka asubuhi nakuta zimelala zote, shingo (pale majani yanapokutana na mzizi) nyeusi, ukivuta kidogo majani yanabaki mkononi na mzizi unabaki chini umeoza. Sasa pembeni kulikuwa na rundo la kokoto lililobaki fundi alipomaliza kutengeneza njia, pale hamna udongo wa maana na hakuna aliyekuwa anapamwagilia, kumbe siku nafungua paketi upepo ulirusha mbegu kadhaa. Hizo ndizo zilizokuja kutoa maua. Nne. Kwenye kokoto.

Toka siku hiyo nikajua haya maua hayafi kwa baridi wala kwa njaa, yanakufa kwa kudekezwa.

Ukijua kwao yanaishije hutashangaa. Popi hizi zinatoka kwenye milima mirefu ya Ulaya, Alps zenyewe na kule Pyrenees, na hazikai chini kwenye majani mazuri ya malisho, zinakaa juu kabisa kwenye maporomoko ya mawe, mengi mawe ya chokaa yaliyovunjikavunjika ambayo kila mwaka yanateleza kidogo kushuka. Juu unaona kashada kadogo tu ka majani ya kijani kijivu yaliyochanikachanika kama manyoya, na ukihesabu mpaka kwenye ua ni kama sm 10 hadi 20 hivi. Kazi kubwa iko chini, kuna mzizi mkuu mrefu unaojipenyeza katikati ya mawe kutafuta pa kushika na kutafuta unyevu. Mvua huko inanyesha sana tu, usidhani ni jangwa, ila maji yanapita, hayakai. Na theluji ikishuka inaufunika mmea kama blanketi, kwa hiyo miezi yote ya baridi mmea uko kwenye ubaridi lakini shingo haijalowa. Sasa we mchukue huyo umtie kwenye udongo wa mfinyanzi wenye samadi, afu unategemea nini.

Kuhusu majina, maana hapa watu wanauziwa kitu wasichokitaka. Kwenye paketi utakuta Papaver alpinum, jina alilolitoa Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, ila lichukulie kama jina la ukoo, kuna wataalamu wanaoziweka zote humo na kuna wanaozigawa. Ukichukua alpinum ya mchanganyiko utapata nyeupe, njano, chungwa, na pinki iliyofifia. Nzuri, sikatai, ila kama roho yako iko kwenye njano tafuta iliyoandikwa rhaeticum au kerneri, hizo ndizo za njano kwa asili. Burseri na sendtneri ni nyeupe, usije ukalalamika baadaye.

Afu kuna ndugu zake ambao kwa wengi wetu ni rahisi zaidi. Popi ya Iceland, Papaver nudicaule, ambayo pamoja na jina lake asili yake sio Iceland, ni Siberia na maeneo mengine ya baridi ya Asia. Hii ni kubwa, inafika sm 30 mpaka 50 na kupita, maua mapana, mbegu zake zinapatikana kirahisi, na mtu anayeanza mimi ningemwambia aanze na hii kabla ya kwenda kuhangaika na zile za Alps. Papaver miyabeanum ni fupi, njano ya kupauka kama siagi, inatoka visiwa vya Kuril, kati ya Japani na Urusi. Na kuna mmoja anayevunja sheria zangu zote, Papaver cambricum, popi ya Wales, huyu anapenda kivuli na udongo wenye unyevu. Miaka mingi aliitwa Meconopsis cambrica mpaka vipimo vya vinasaba vilipomrudisha kwenye ukoo wa popi. Kama bustani yako ni baridi lakini ina kivuli na haikauki, achana na vita, panda huyu, ila ujue anajisambaza mwenyewe kama magugu, ukimpa mwaka mmoja unamkuta mpaka kwenye viungo vya ukuta.

Hapo hapo nimalize na suala la afyuni, maana ukitaja popi tu mtu anakutolea macho. Popi ya afyuni ni Papaver somniferum, mmea mwingine kabisa, mrefu, majani mapana yenye ukijivu wa nta yanayokumbatia shina. Hizi tunazoongelea sio hiyo. Lakini nazo zina alkaloidi ndani, yaani kemikali zinazoweza kudhuru, kwa hiyo sio za kula, sio za chai, na watoto wadogo na mifugo wasizitafune. Na kama unaagiza mbegu kutoka nchi nyingine angalia kwanza sheria za kwenu za kuingiza mbegu, usije ukabishana na afisa wa mpakani kuhusu ua.

Haya, mahali pa kupanda. Unataka jua angalau saa sita kwa siku, hewa inayopita, na baridi. Mchana wa nyuzi 10 mpaka 20 ndio raha yake, joto likipita 25 siku nyingi mfululizo na usiku nao haupoi, mmea unaacha kutoa maua, unachoka, unakwenda. Kama kwenu mchana kunawaka lakini asubuhi ni baridi, mpe jua la asubuhi na kivuli baada ya saa sita mchana. Kivuli cha jiwe kubwa ni kizuri kuliko cha mti, mti unadondosha majani na matone shingoni na mizizi yake inagombania kila kitu. Mteremko ni bora kuliko tambarare. Kama unayo tambarare tu inua tuta sm 20 hadi 30, au panda kwenye beseni la mawe au chungu kirefu chenye matundu.

Kabla hujapanda pima ardhi yako, haichukui muda. Chimba shimo la sm 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Ukirudi baada ya saa moja ukayakuta bado yamekutazama, hapo usipande chochote cha milimani bila kuinua tuta.

Mchanganyiko ninaotumia ni kokoto ndogo au changarawe kali sehemu mbili, udongo wa kawaida sehemu moja, na majani yaliyooza yakachekechwa sehemu moja. Nikisema kokoto namaanisha za milimita tatu mpaka sita hivi, sio vumbi la kokoto na sio mchanga laini wa kupigia lipu, mchanga laini unajaza nafasi zote za hewa na ukikauka unashikana kama saruji, nimeshafanya huo ujinga pia. Ukipata vipande vya mawe ya chokaa changanya, zile za Alps zinapenda udongo usio na asidi. Samadi hapana. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi hapana. Ukimlisha sana anatoa majani laini yanayolala, vikonyo vinakuwa virefu vinavunjika na upepo, na ni kama umewapigia vidukari filimbi waje. Kama uko kwenye chungu na mwaka wa pili umeona amepauka, mpe mbolea ya maji ya maua, ile yenye potasiamu zaidi, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja, basi.

Sasa mbegu, na hapa nitakaa kidogo maana asilimia kubwa ya watu wanafeli hapa afu wanasema mbegu zilikuwa feki.

Kwanza, hazifukiwi. Mbegu za popi ni ndogo kama vumbi na zinahitaji mwanga kuota, ukizifunika na udongo sentimita moja umezizika kweli. Changanya mbegu na kijiko cha mchanga mkavu ili uone unapomwaga, nyunyiza juu ya udongo uliokwisha kulowanishwa, gandamiza taratibu na kiganja au kibao, na ukitaka sana weka juu yake kokoto laini kidogo mno kiasi kwamba udongo bado unaonekana. Usimwagilie kwa juu, maji yatazisomba zote pembeni mwa trei, weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo yapande yenyewe kutokea chini.

Pili, zinapenda kuonja baridi kwanza. Kama kwenu kuna majira ya baridi ya kweli, mwaga mbegu nje muda mfupi kabla hayajaingia, acha theluji na baridi zifanye kazi, zitaota zenyewe jua likirudi. Kama kwenu hakuna baridi hiyo, ni nyanda za juu tu zenye ubaridi mwaka mzima, basi friji ndio baridi yako. Trei ndani ya mfuko wa plastiki, nyuzi 2 mpaka 5, wiki tatu au nne, sio kwenye frizi tafadhali, kwenye friji. Wape taarifa watu wa nyumbani kabla hawajatupa. Ukitoa weka penye mwanga na nyuzi 12 hadi 15, mbegu zitaanza kuchungulia baada ya wiki mbili tatu, na haziamki pamoja, kuna zitakazochelewa mwezi mzima, kwa hiyo usimwage trei kwa hasira.

Tatu, na hili ndilo linaloua miche iliyokwisha ota vizuri kabisa, usiguse mzizi. Ule mzizi mkuu ukiukunja au ukiukata wakati wa kupandikiza, mche unakaa wiki umesimama umejifanya mzima, afu unanyauka. Dawa yake ni kupanda pale pale utakapobaki, au kupanda kwenye kitu kinachoingia ardhini chenyewe. Mi natumia zile karatasi ngumu za katikati ya tishu roli, nazisimamisha kwenye trei zimebanana, najaza mchanganyiko, naweka mbegu tatu nne kila moja. Zikitoka majani mawili matatu ya kweli nachagua wenye nguvu, hao wengine nawakata na mkasi mdogo usawa wa udongo, siwang'oi maana ukimng'oa jirani unamtikisa na unayemtaka. Mche ukiwa na majani manne au matano bomba zima linaingia kwenye shimo, karatasi itaoza yenyewe. Hakikisha tu ukingo wa karatasi haubaki nje juu ya udongo, ukibaki nje unavuta maji na kuyatoa hewani kama utambi na mche unakauka huku chini umemwagilia.

Ukipanda acha sm 15 hadi 20 kati ya mmea na mmea kwa zile ndogo, 25 hadi 30 kwa za Iceland, afu zungushia kokoto kavu kuzunguka shingo, unene wa sentimita mbili au tatu. Hii usiiruke hata kama umechoka. Kokoto zinafanya shingo ikae pakavu mvua ikinyesha, matope hayarukii majani, mizizi inabaki kwenye ubaridi jua likiwaka, magugu yanapungua, na mbegu zitakazodondoka baadaye zitapata kitanda.

Kumwagilia: miche midogo isikauke, wiki za mwanzo uiangalie kila siku. Ikishashika, maji mengi mara chache, asubuhi, chini sio juu ya majani, na usirudie mpaka ukichomeka kidole kati ya kokoto ukute pakavu. Kama kwenu kuna msimu mrefu wa mvua, weka kipande cha kioo au plastiki inayoangaza juu ya mimea kwenye vigingi vinne, pembeni wazi kabisa hewa ipite, unachozuia ni mvua tu wala sio baridi. Baridi mwache nayo, wamezaliwa nayo.

Wadudu sio wengi. Konokono na wale wasio na nyumba wanapenda miche, zunguka na tochi usiku uwaokote. Vidukari wakikaa kwenye matumba wapige na maji ya bomba asubuhi. Ukungu wa kijivu kwenye majani maana yake umebananisha mimea, punguza.

Na lingine la kukubali mapema, popi ya Alps haiishi sana. Miaka miwili, mitatu, hata ukifanya kila kitu sawa. Wa Iceland kwenye sehemu nyingi wanalimwa kama mmea wa msimu mmoja au miwili. Kwa hiyo ukiona mmea wako wa mwaka wa tatu umechoka usijilaumu, we hufugi mmea mmoja, unafuga ukoo, kila mwaka lazima kuwe na watoto wanaoota pembeni, na ukipalilia uwe makini. Jifunze sura ya mche wao, yale majani madogo ya kijivu yaliyochanika, maana wengi tunajipalilia watoto wetu wenyewe tukidhani magugu.

Tuje kwenye raha yake sasa, maana mtu anapanda, anapiga picha moja, anaondoka, anakosa nusu ya mambo. Tumba la popi linaanza limeinama, lina manyoya, kichwa chini. Siku chache kabla ya kufunguka kikonyo kinanyooka, tumba linainuka. Kuna vifuniko viwili vinavyolibana, siku ikifika vinaachia na kudondoka, na ndani petali nne zinatoka zimekunjamana kama nguo iliyokaa sandukuni, afu zinajinyoosha zenyewe taratibu mbele ya macho yako. Amka mapema, chukua kikombe chako, ukae chini kabisa karibu nayo. Ua likiisha funguka linakaa siku mbili mpaka nne, upepo ukiwa mkali hata hizo halimalizi. Kwa picha lala kifudifudi, jua la asubuhi liwe nyuma ya ua, petali ni nyembamba mno mwanga unapita kama kwenye karatasi ya mafuta, ukiipiga kutoka juu mchana unapata doa la njano tu.

Na hiyo njano yenyewe ina kisa. Maua mengi ya njano yanapata rangi kutoka kwenye karotini na jamaa zake, kama karoti. Popi hizi sio. Zina rangi yao inayoitwa nudikaulini, jina limetokana na nudicaule, na inatengenezwa kwa kuunganisha kitu kinaitwa indoli na rangi ambayo kwenye maua mengine ndiyo inayotoa wekundu wa machungwa. Nyekundu inaingia, njano inatoka. Mi nikiziangalia siku hizi nakumbuka hilo kila mara.

Angalia na wageni wake. Popi haina nekta, yale maji matamu ya maua, hata tone, nyuki na nzi wanaokuja wanafuata chavua peke yake, ndio maana katikati kuna ule msitu wa nyuzi za njano. Ndugu zao wa Aktiki, kule karibu na ncha ya kaskazini, Papaver radicatum, ambao wanafika mpaka kisiwa cha Kaffeklubben kaskazini kabisa ya Greenland, maua yao yanageuka kufuata jua mchana kutwa, lile bakuli la petali linakusanya joto katikati na wadudu wanaingia kujipasha. Popi ya namna hiyo nayo, Papaver dahlianum, ndiyo ua la Svalbard, visiwa vya Norwe huko huko kaskazini. Kama unaishi penye baridi hasa unaweza kujaribu za Aktiki, lakini penye joto la kati zinakukatalia, usipoteze mbegu.

Ukitaka kuweka ndani, kata za Iceland, hizo ndizo zenye kikonyo kirefu. Kata asubuhi na mapema tumba likiwa limenyooka na limepasuka kidogo rangi inachungulia, lililofunguka kabisa limechelewa. Kikonyo kinatoa utomvu, choma ncha kwenye moto wa kiberiti sekunde chache au itumbukize kwenye maji ya moto sekunde kumi na tano hivi, afu weka kwenye maji baridi. Kila ukikata upya choma tena. Zile za Alps ni fupi, glasi ndogo ya dawa inatosha, ua moja tu, mezani.

Ukitaka maua yaendelee kutoka, kata yaliyozeeka kila siku mbili, mmea usipoteze nguvu kwenye mbegu. Ila ikifika katikati ya msimu acha, chagua mimea yako miwili mitatu mizuri, mifupi, yenye njano unayoipenda, iache iweke mbegu. Kama unafuga njano tupu ng'oa nyeupe na za chungwa mapema, rangi ikianza tu kuchungulia kabla hazijafunguka, maana nyuki hachagui rangi, na vizazi viwili vitatu mbele utakuta umebaki na rangi usiyoielewa. Kibweta cha mbegu kikiwa cha kahawia kinafungua vitundu vidogo chini ya kifuniko chake, ukikitikisa kinalia. Kata siku kavu, geuza ndani ya bahasha ya karatasi, sio plastiki, acha wiki moja pakavu, chekecha, andika jina na mwaka. Nusu imwage siku hiyo hiyo kwenye kokoto, nusu weka friji kwenye chupa iliyofungwa vizuri, mwaka ambao mvua itakuja vibaya hiyo ndio akiba yako.